Mpaka Gundi Ikauke

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mama alikuwa ameliweka boksi juu ya meza ya jikoni kwake La Rochelle, hapa Johannesburg, kati ya chupa ya mafuta na rundo la nguo za wateja zinazosubiri kupunguzwa, na nilipokata utepe na kuondoa gazeti la juu ikanipanda puani: gundi ya mbao, vanishi, na ule ukali wa spiriti unaofika hadi kwenye paji la uso. Nilivuta kiti nikakaa. Mama alikuwa amenipigia simu asubuhi na kusema, "Kuna takataka zako hapa, njoo uzichukue kabla sijazitupa," na sasa alikuwa amenipa mgongo, anachambua mchicha, kama mtu asiye na pua.

Boksi lililetwa na mwanamke tusiyemjua. Alijitambulisha getini kuwa ni binti wa Mzee Alfi, kwamba baba yake amefariki, nyumba ya Troyeville imeuzwa, na boksi hilo amelikuta limeandikwa jina langu. Mama alilipokea, akasema asante, akafunga geti. Hakumkaribisha hata maji. Mama yangu ni mwanamke wa Morogoro, anakaribisha chai hadi wasoma mita za umeme, kwa hiyo anayemjua anaelewa kwamba kumnyima mtu maji kwake si jambo dogo.

Niseme mapema jambo lenyewe, maana sipendi masimulizi ya kuzungukazunguka. Baba yangu alikufa Jumamosi moja mchana, nikiwa na miaka minane, kwa kukosa pumzi. Mzee Alfi, mwenye nyumba wetu, ndiye aliyekuwa na gari, na alikuwa amelala. Mama alimhukumu kwa usingizi huo na hakumsamehe hadi mzee anazikwa. Mimi nilijua kilichotokea chumbani mwa yule mzee mchana ule, na nilinyamaza tangu utoto hadi nikaota mvi.

Ninyi mliokulia upande ule wa mji mnazikumbuka nyumba za Troyeville: bati jekundu lililochujuka, kibaraza mbele, ua wa saruji nyuma, na kule mwisho wa ua chumba kidogo kilichojengwa zamani kwa ajili ya mfanyakazi. Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Sisi tulipanga nyumba kubwa, na mwenye nyumba, Mwingereza mzee aliyefiwa na mke, alihamia chumba cha uani. Alisema nyumba kubwa ina milango mingi mno kwa mtu mmoja. Shangazi yangu alipokuja kututembelea kutoka Soweto alisimama kwenye ule ua, akatazama huku na huku, akasema, "Eish, kaka, kwa hiyo mlungu, mzungu mwenyewe, ndiye yuko chumba cha nyuma?" Baba alicheka mpaka kifua kikambana, ikabidi akae.

Kifua chake kilikuwa mtu wa nne nyumbani kwetu. Baba alizaliwa hukuhuku, akatoroka kijana kwenda kupigania nchi akiwa uhamishoni, akafika Tanzania, akamkuta mama, akajifunza Kiswahili, na aliporudi alirudi na vitu vitatu: mke, pumu, na Kiswahili chenye lafudhi ya Kizulu alichokataa katakata kukiacha. Nikimwambia jambo kwa Kiingereza ndani ya nyumba alikuwa akijibu, "Sisikii." Mama alisema pumu aliipata msituni kambini. Yeye alisema ilikuwa inamsubiri Johannesburg. Mwezi wa Agosti upepo ulipoanza kunyanyua lile vumbi la njano la machimbo na kulileta mjini, mama alilowanisha mashuka na kuyatundika madirishani, na sisi tuliishi nyuma ya mashuka hayo, kwenye mwanga wa kijivu, tukimsikiliza baba anavyopumua. Alikuwa na pampu yake ya bluu mfukoni. Akiitikisa, mimi na mama tulinyamaza ili tusikie kama bado ina kitu.

Mzee Alfi alikuwa fundi wa mashine chini ya ardhi migodini maisha yake yote, na mashine hizo zilimla masikio. La kushoto lilikufa kabisa, la kulia lilibaki na uhai kidogo. Bahari aliiona mara moja tu, Durban, kwenye fungate. Lakini alitengeneza meli. Tena alitengeneza meli za aina moja tu, na mtu aliyeingia chumbani kwake mara ya kwanza angefikiri ni meli ileile inarudiwarudiwa, rafu baada ya rafu.

Zilikuwa manowari, ila si zile kubwa unazoziona pichani. "Destroya," alinifundisha, "tena zile za mwanzo." Waingereza walizijenga enzi za makaa ya mawe, ndogo, nyembamba kama mwiko, kwa ajili ya kuwinda mashua zinazorusha torpedo, yale mabomu yanayopita chini ya maji. Kundi alilolipenda yeye lilikuwa la meli zaidi ya thelathini, zote zimepewa majina ya mito ya kwao. Aliziita dada. Zilizozitangulia, alisema, zilikuwa na omo iliyoinama, ile sehemu ya mbele, zikawa zinachota maji kila wimbi likija, mabaharia wanashinda wamelowa. Hizi za mito ndizo za kwanza kuinuliwa pua. Na kwa kuwa kila kiwanda kilijenga kivyake, nyingine zilikuwa na dohani nne za kutolea moshi na nyingine mbili. Moja ilikatwa vipande viwili na meli nyingine ya Waingereza wenyewe kwenye mazoezi. Hilo alilisimulia kwa uchungu kama la jana, na mimi nilimpa pole.

Tuliongea Kiingereza, bila shaka, lakini nikikumbuka sasa anaongea Kiswahili, sijui ni lini nilimbadilisha. Nilikuwa nashinda kwake baada ya shule. Mbao alizitoa kwenye kreti za matunda, dohani alizikata kwenye mirija ya shaba, na kamba za milingoti zilikuwa nyuzi za mama yangu. Mama alimpelekea mabaki ya nyuzi na sahani ya maandazi, na Mzee Alfi hakurudisha sahani tupu hata siku moja. Ilirudi na limau la mti wake, au viazi viwili, au mara moja, alipokuwa hana kitu, na ua moja la waridi. Mama alisema, "Yule mzee ana adabu kuliko wote mtaa huu," na kwa mama adabu ndiyo ilikuwa dini ya pili.

Adabu hiyo ilinigharimu ngozi. Kwa sababu ya masikio yake, Mzee Alfi aliniambia nikimkuta amesinzia nipige meza kwa kiganja, atasikia mtikisiko. Siku moja nikapiga, paa, na yeye akaamka anacheka, lakini mama alikuwa mlangoni na sahani yake. Alinifinya paja hadi kwenye mfupa. "Mtu mzima amelala unampigia meza? Umezaliwa stendi wewe?" Nikamwambia ndivyo alivyosema mwenyewe. "Yeye anasema kwa wema wake. Wewe unapiga hodi mara tatu, polepole, kisha unakaa unasubiri aamke." Tangu siku hiyo nilipiga hodi tatu na kukaa kwenye kigoda. Mara nyingi haikuwa shida, kwa sababu usingizi wake ulikuwa na kipimo. Alikuwa na kanuni moja ya gundi: ukishaunga kitu, usikiguse kwa muda wa kuchemsha birika, kunywa kikombe cha chai, na kukiosha. Ukiwahi, unaharibu. Zamani alikunywa chai kweli. Uzee ulipomzidi akawa anasinzia badala yake, na anaamka gundi imekauka, kama aliyetegeshwa.

Jambo nililolipenda kuliko yote lilikuwa watia makaa. Kabla ya kuifunika meli kwa sitaha, Mzee Alfi alikata njiti za kiberiti, akazichovya kwenye wino mweusi, akazipanga kwa kibano mle chini, kwenye chumba cha matanuri, wakiwa wameelekea kwenye moto. Kisha alipaka gundi na kufunika. Hakuna ambaye angewaona tena.

"Sasa kwa nini unawaweka?" nilimwuliza.

"Kwa sababu walikuwepo."

Alinisimulia kwamba kule chini joto lilikuwa kali kiasi kwamba wakizidiwa walipanda ngazi, wakatoa kichwa kwenye tundu la sitaha, wakavuta pumzi mbili tatu za hewa safi, wakarudi kwenye koleo. Babu yake alikuwa mmoja wao. Alikuwa kwenye dada mmojawapo wa mito, wakati wa vita.

"Na sasa yuko wapi?"

"Bado yumo ndani," alisema. Akapuliza vumbi kwenye sitaha aliyotaka kuibandika. "Hawa wa juu wanavunjika, mtu akipangusa tu kwa kitambaa wameng'oka. Wa chini, nikishafunika, hakuna kitakachowagusa."

Mtu mzima angeelewa. Sentensi moja ilikuwa ya babu yake aliyezama, ya pili ilikuwa ya njiti. Mimi nilizisikia kama habari moja. Babu wa Mzee Alfi alikuwa mzee sana, alikuwa bado hai, na alikuwa hai kwa sababu kuna mtu alimweka chini na kumfunika vizuri. Sikuliona hilo kuwa la ajabu. Ukiwa na miaka minane unaambiwa mambo mengi ya ajabu zaidi ya hilo, na yanageuka kuwa kweli.

Mwanzoni mwa Agosti baba alilazwa siku mbili. Aliporudi alikuwa anakaa kitandani ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na mama alikuwa akisimama mlangoni kumtazama wakati anadhani hatumwoni. Nilimsikia akimwambia shangazi kwenye simu, kwa sauti ya chini, "Naogopa, dada. Naogopa kweli." Sikuwahi kumsikia mama akiogopa kitu. Kesho yake nilikwenda chumba cha uani nikaomba njiti moja.

Meli iliyokuwa mezani ilikuwa ya dohani nne. Niliifunga njiti yangu kiunoni uzi mwekundu, nimeukata kwenye cherehani ya mama. Mzee Alfi aliuliza huyo ni nani.

"Baba."

Alijua hali ya baba, ukuta wa chumba chake ulikuwa hatua kumi tu kutoka dirisha letu. "Kazi ya humu ni ngumu," alisema.

"Baba ana nguvu."

Akaichukua kwa kibano, akaiweka karibu na njiti ya babu yake, akaibandika miguu. Halafu akapaka gundi kingoni mwa sitaha na kufunika. Nilimsaidia kushikilia. Nilikwenda nyumbani mwepesi, nikala vizuri usiku ule, na mama alishangaa nilivyokuwa naimba.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda mjini kwenye maduka ya jumla kutafuta kitambaa cha sare za kwaya. Upepo ulikuwa mbaya. Shuka la dirishani lilikauka kabla hajafika hata kituo cha teksi. Baada ya chakula cha mchana baba aliitikisa pampu yake, akaisogeza sikioni, akaitikisa tena. Uso wake ulikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu, ya majivu yaliyolowa. Alinitazama moja kwa moja.

"Mwite Mzee Alfi," alisema. Akavuta pumzi, ikapiga mluzi. "Gari." Akavuta nyingine. "Kimbia."

Sikukimbia. Nilivuka ua kwa mwendo wangu wa kawaida, nikipita juu ya mistari ya saruji bila kuikanyaga. Sikuwa na hofu hata chembe. Baba alikuwa chini ya sitaha, na huko hakuna kinachomgusa mtu.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee Alfi amelala kwenye kiti chake, sikio zima limezama kwenye mto, mdomo wazi. Nilipiga hodi mara tatu, polepole, kama nilivyofunzwa. Nikakaa kwenye kigoda.

Mezani ilikuwepo meli yetu. Alikuwa ameibandika dohani ya nne muda si mrefu na kuiegemeza kwa penseli ili isilale. Niligusa chini yake kwa ncha ya kidole, ikanata. Basi nikajua ataamka lini. Kiganja changu kilikuwa juu ya ile meza, nakumbuka mbao zake zilivyokuwa za baridi, na nilijua kabisa kwamba nikikinyanyua na kukishusha ataamka. Lakini nilikumbuka paja langu, na sikuona sababu ya kukosa adabu. Nikaipuliza gundi kidogo ili kuisaidia. Nikahesabu meli za rafuni. Upepo ulikuwa unabamiza geti. Wakati fulani kitu kilianguka nyumba kubwa, kizito, na nikafikiri ni upepo umeangusha ubao wa kupigia pasi. Nikagusa tena. Bado. Nikasubiri. Nikagusa tena, na safari hii kidole kilitoka kikavu.

Niliondoa penseli. Dohani ilisimama wima. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Kisha nikamshika mzee mkono, kwa kuwa sasa kulikuwa na sababu, akafumbua macho.

"Mzee Alfi," nilimwambia, "gundi imekauka." Na baada ya hapo: "Na baba anaomba gari."

Sijapata kumwona mzee akikimbia vile. Baba alikuwa kwenye sakafu ya jikoni, karibu kabisa na mlango wa nyuma, mkono mmoja umeshika shuka alilolivuta kutoka dirishani. Ndicho kile kilichoanguka, yeye na kiti. Mzee Alfi alimbeba peke yake hadi kwenye pikapu, mtu aliyekuwa hawezi kubeba mfuko wa viazi, akapita robot tatu, taa za barabarani, zote nyekundu, huku ameshikilia honi. Mimi nilikaa katikati. Kichwa cha baba kilikuwa begani kwangu na kilikuwa kizito. Hospitali walituambia hapohapo mlangoni.

Siku za msiba ndugu wa baba walijaa uani, wakaimba, wakapika. Mimi sikulia. Nilisikia watu wazima wakisema mtoto huyu ana moyo mgumu, na shangazi akinitetea kwamba sijaelewa. Nilikuwa naelewa kwa namna yangu. Nilikuwa nasubiri wamalize shughuli zao ili nikamwambie Mzee Alfi afungue sitaha.

Siku ya tatu mama alimwita jikoni. Nilikuwa chini ya meza, kati ya miguu ya watu. Mama alimwuliza kwa Kiingereza chake cha wakati ule, neno mojamoja, mtoto alipokuja kukuita, nini kilitokea.

Mzee Alfi hakunitazama, na alijua nilipo. "Alikuja anakimbia," alisema. "Aliniita, akapiga kelele, akapiga meza. Nilikuwa nimelala, sikusikia. Kosa ni langu."

Nilisikia maji yanachemka kwenye sufuria za nje. Kisha mama akasema, "Toka nyumbani kwangu," akisahau kwamba nyumba ni ya yule mzee, naye akatoka.

Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema kwa Kiswahili, kwa sentensi moja, na ingekwisha pale chini ya meza. Lakini nilikuwa nimeuona uso wa mama, na niliogopa kwamba akiniambia mimi nitoke, sina chumba cha uani. Mwisho wa mwezi tulihamia La Rochelle. Asubuhi ya kuhama mama alikusanya sahani zote za Mzee Alfi zilizokuwa kwetu, maana naye alizoea kutuletea vitu kwa sahani zake, akaziosha, akazipanga kwenye ngazi ya mlango wake. Zote tupu. Nilijua ni tusi kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo.

Mara moja mzee alitufuata. Alisimama getini kwetu na kitu kilichofungwa kwenye gazeti, kirefu, chembamba. Mama alimwona dirishani akaendelea kushona. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Alisimama muda mrefu, akabadilisha mkono, akaondoka. Sikumpungia hata mkono.

Nikiwa sekondari nilisoma kwenye kitabu cha maktaba jinsi meli zile zilivyozama. Bomu la majini likipasua tumbo, wa kwanza kufa ni wa chini, kwa maji na kwa mvuke wa matanuri, hata ngazi hawaioni. Nilifunga kitabu nikakirudisha rafuni. Na niliyemkasirikia hapo, niseme ukweli, hakuwa mimi. Nilimkasirikia Mzee Alfi kwa kuniambia hakuna kitakachowagusa. Ilikuwa rahisi, mama alikuwa ameshanionyesha njia. Miaka ikapita, nikafanya kazi, nikapanga kwangu, nikapita Troyeville mara nyingi nikiangalia upande wa pili wa barabara.

Sasa ile meli ilikuwa juu ya meza ya mama. Dohani nne, omo imeinuka, kamba za nyuzi zimegeuka rangi ya chai. Niliitoa kwenye magazeti nikaigeuza kwenye mwanga, na ndipo nilipoona tundu. Mzee alikuwa ameikata sitaha. Kazi yake ilikuwa safi siku zote, lakini tundu hili lilikuwa limepinda, kingo zimechanika, kazi ya mkono unaotetemeka. Ndani mlikuwa na giza na njiti nyeusi zimeelekea kwenye moto. Moja alikuwa ameing'oa na kuipandisha kwenye ngazi. Ilisimama imetoa kichwa na mabega nje, kwenye hewa, na kiunoni ilikuwa na uzi mwekundu.

Nilitoa sauti, sijui sauti gani, kwa kuwa mama aligeuka.

Alikuja na kisu mkononi. Akainama juu ya meli, akavaa miwani, akaitazama ile njiti. Mshonaji hasahau uzi wake. "Huu ni wangu," alisema. "Uzi wangu unafanya nini hapa?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa Kiswahili, kama baba alivyotaka tuongee ndani ya nyumba: babu aliye ndani, njiti, mwendo wangu uani, hodi tatu, kigoda. Nilimwambia kwamba sikupiga meza. Nilimwambia neno la kwanza nililomwambia mzee alipoamka. Hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza aliweka kisu chini. "Ulikaa muda gani?"

"Mpaka gundi ikakauka."

"Nimekuuliza muda gani."

Nikamweleza kanuni ya mzee. Kuchemsha birika, kunywa kikombe cha chai, kukiosha.

Mama aliinuka. Alijaza birika, akaliwasha, akasimama kando yake mikono imeshuka. Lilichukua muda kuanza kunguruma. Lilipochemka alitoa kikombe, akatia majani, akatia sukari, akakoroga, akaja kukaa mbele yangu. Alikunywa bila kuharakisha na bila kupoteza muda, funda baada ya funda, na mimi nilisikia kila moja likishuka. Ilipofika nusu macho yake yalikwenda kwenye mlango wa nyuma, chini, sakafuni, yakabaki huko. Nilijikuta nabana pumzi. Nikashindwa, nikavuta nyingine, na yeye alikuwa bado anakunywa. Kisha akaenda kwenye sinki, akakiosha kikombe, nje na ndani na kwenye kishikio, akakisuuza, akakipindua juu ya kitambaa. Akafuta mikono.

"Muda mrefu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Yule binti aliacha namba yake?"

"Ipo kwenye boksi."

"Mpigie. Mwambie mama anaomba aje Jumapili, nitapika." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mwulize na baba yake wamemzika wapi."

Nilichukua simu. Nikaitafuta ile namba kwenye boksi. Nilipoinua macho mama alikuwa amelishika birika. Alikuwa amechemsha maji ya vikombe viwili, chake na changu, kwa mazoea, na yaliyobaki aliyamwaga kwenye sinki.